Huzuni Nayo Yatibika: Somo juu ya Wazee Wenye Moyo Dhaifu

Katika nchi ya Embu, tangu mashamba ya majani chai ya Manyatta hata nchi kavu ya Mbeere, wako wazee ambao mioyo yao imedhoofika. Moyo wa namna hiyo haukusimama, bali hauna nguvu ya kusukuma damu ipasavyo. Kwa hiyo maji hukusanyika miguuni na mapafuni. Mzee huvimba nyayo, hutweta akipanda kilima, na usiku hawezi kulala ila kwa mito miwili au mitatu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha.

Mara nyingi ugonjwa huo huja na mwenziwe asiyeonekana. Huyo ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Katika kila wagonjwa 5 wenye moyo dhaifu, yapata mmoja anayo. Naye yumo katika hatari kubwa zaidi ya kurudishwa hospitali na ya kufa mapema.

Sababu ya kutotambuliwa ni kwamba maradhi haya mawili yafanana. Uchovu, kukosa usingizi na kutotamani chakula ni dalili za yote mawili, na watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu." Mfano ni mzee wa Runyenjes aliyezoea kupogoa mibuni yake mwenyewe. Sasa hawezi kuushuka mteremko wa shamba, na kila mwezi awaona wanawe wakinunua dawa. Ajiona mzigo. Anyamaza, aacha kwenda kanisani, kisha aacha na vidonge. Jamaa humwita mkaidi, kumbe ni mgonjwa. Dawa zikiachwa, maji hurudi. Pumzi ikipungua, huzuni huzidi.

Njia ya kutambua ni kuuliza kwa adabu: "Baba, majuma haya mawili umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Mambo uliyoyapenda bado yakufurahisha?" Majibu yakionyesha kwamba hali hiyo humshika siku nyingi, yafaa daktari aambiwe. Mzee akisema heri afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku iyo hiyo. Kumwuliza juu ya jambo hilo hakumtii wazo la kujiua.

Matibabu yapo, lakini hayamo katika vidonge peke yake. Majaribio mawili ya dawa za sonona kwa wagonjwa wa moyo dhaifu, moja la Marekani lililotangazwa mwaka 2010 na jingine la Ujerumani la mwaka 2016, yalionyesha kwamba dawa hizo hazikushinda vidonge visivyo na dawa ndani yake. Lakini mazungumzo ya mpango pamoja na mshauri aliyefundishwa yalipunguza huzuni katika jaribio jingine la Marekani, mwaka 2015. Mazoezi mepesi yaliyoruhusiwa na daktari nayo husaidia. Dawa ya sonona isinunuliwe dukani bila shauri la daktari, kwa kuwa nyingine, kama amitriptilini, zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wala aliyekwisha kuandikiwa asiache ghafula.

Nyumbani, yafaa chumvi ipunguzwe na mzee apimwe uzito kila asubuhi. Akiongezeka kilo 2 kwa siku 3, aende kliniki upesi. Muguka usitumiwe kumchangamsha, maana huongeza mbio za moyo na kufukuza usingizi. Apewe kazi ya kiasi chake, kama kulisha kuku au kuchambua maharagwe, na shauri lake liombwe katika mambo ya shamba. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya vijijini vipimo vya presha na mizani. Hao wapashwe habari zake mapema, nao watamwelekeza kliniki au hospitali ya rufaa mjini Embu.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Huzuni ya mzee ni maradhi, wala si aibu kuitaja mbele ya daktari.