Dondoo muhimu: Gari la familia na vumbi la Bariadi

Kiangazi, malori ya pamba yakianza kupishana njiani, ea klina huziba upesi. Ifungue kila wiki mbili. Ukiipuliza, upepo utoke ndani kwenda nje.

Joto ndilo muuaji mkubwa wa injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta. Ukikuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe: huenda oili imechanganyika na maji, gasketi ya silinda hedi imeungua. Mwite fundi. Jaza kulanti, kwani maji ya kisima yenye chumvi huacha magaga ndani.

Joto likipanda ukielekea Lamadi, simama, zima injini. Tafadhali, usiguse kifuniko mpaka rejeta ipoe kabisa. Mvuke wake huchubua ngozi ya uso.

Masika, osha uvungu: tope jeusi la mbuga hushika kama saruji.