Iache Kompyuta Iombe Anwani Yenyewe

Ukinunua kompyuta ya mtumba Mpanda, mara nyingi hujui ilikuwa wapi kabla ya kupakiwa kuja Katavi. Huenda ilikaa miaka kwenye ofisi fulani Dar es Salaam, na fundi wa ofisi hiyo akaiandikia anwani ya kudumu kwa mkono. Unaifikisha nyumbani Makanyagio au Kawajense, unawasha ruta, waifai inaonyesha imeshika, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Hapo wengi hulaumu bando, na wengine hutoa pesa kununua ruta nyingine. Kabla hujatoa hata shilingi, angalia kama kompyuta inaomba anwani yenyewe au bado imebeba ya ofisi ya watu.

Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji anwani yake, namba nne zenye nukta katikati, mfano 192.168.8.105. Kwa mtandao wa kawaida wa nyumbani, namba tatu za mwanzo hulingana na za ruta. Kompyuta iliyoandikiwa 10.0.5.20 haitaelewana na ruta yenye 192.168.8.1, hata zikae meza moja. Utaratibu wa kugawa anwani hizi bila mkono wa mtu unaitwa DHCP. Maelezo yake yanayofuatwa mpaka leo yaliandikwa na Ralph Droms, Mmarekani, na kutolewa Machi 1997. Kompyuta huuliza mtandao mzima nani anagawa anwani, ruta inapendekeza moja, kompyuta inaiomba, ruta inaithibitisha. Anwani hiyo ni kama chumba cha gesti: unakaa kwa muda mliokubaliana. Nusu ya muda ikifika, kompyuta huomba kuongezewa bila kukusumbua.

Mazungumzo hayo yote hufanyika ndani ya nyumba yako. Hayali bando wala hayahitaji mnara wa simu. Kwa hiyo uwe Mpanda mjini, Inyonga au Karema kando ya Ziwa Tanganyika, unaweza kurekebisha anwani hata siku ambayo laini haina kitu.

Kwenye Windows, njia ninayoipendelea ni ya zamani kwa sababu inafanya kazi kuanzia Windows 7 hadi 11. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha bonyeza Enter. Bofya kulia kwenye alama ya waifai, au ya waya kama unatumia waya, na uchague "Properties". Bofya mara mbili kwenye mstari wa "Internet Protocol Version 4". Ukikuta namba zimeandikwa, zinakili kwanza kwenye daftari, hasa kama kompyuta ni ya kazini na itarudi huko. Kisha chagua "Obtain an IP address automatically", na chini yake "Obtain DNS server address automatically". Usiiache hiyo ya pili. DNS ndiyo inayobadilisha jina la tovuti kuwa namba, na ikibaki ile ya ofisi utapata anwani nzuri huku kurasa zikiendelea kugoma. Kwenye Mac na Ubuntu, fungua mipangilio ya mtandao na uweke IPv4 kwenye DHCP.

Sasa hakikisha. Kwenye Windows, bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika cmd kufungua dirisha la amri, halafu andika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta iliomba na haikujibiwa, ikajipa namba yenyewe. Zima ruta, iwashe, kisha andika ipconfig /renew. Ukiona namba inayofanana na ya ruta, andika ile ya "Default Gateway" kwenye kivinjari. Ukurasa wa ruta ukifunguka, kompyuta yako haina tatizo na ruta. Sasa ndipo uangalie bando na mnara.

Umeme nao una mkono wake hapa. Ruta nyingi za bei nafuu hupoteza kumbukumbu ya nani alipewa anwani gani zinapozimika. Umeme ukirudi, ruta inaweza kumpa mgeni anwani uliyoiandika kwa mkono kwenye kompyuta yako, na vifaa viwili vikagombania namba moja. Vifaa vinavyoomba vyenyewe huanza upya na kugawiwa tena.

Printa ndiyo inayostahili namba isiyobadilika, hasa kwa mwenye duka la steshenari ambako kompyuta kadhaa zinaitegemea. Hata hivyo, usiiandike kwenye printa. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP, na uitengee printa anwani kwa kutumia namba yake ya MAC, yaani utambulisho wa kifaa chenyewe, ambayo mara nyingi imebandikwa nyuma au chini yake. Printa itaendelea kuomba kama vifaa vingine, ila kila mara itapewa ileile.

Na kama umechukua ruta ya zamani ili isogeze waifai hadi chumba cha uani, izimie DHCP kabla ya kuichomeka kwenye ile ya kwanza, na uibadilishie anwani kama inafanana na yake. Zikigawa zote mbili, kifaa kitashika jibu la yoyote iliyowahi, na nusu ya nyumba itapata intaneti huku nusu nyingine ikikosa.