Darubini Iliyoitwa Uhuru

Wenzangu wengi hudhani kwamba darubini hupelekwa angani ili iwe karibu na nyota. Lakini nyota iliyo jirani yetu kabisa, baada ya jua, iko umbali wa kilomita trilioni 40 hivi. Kupanda kilomita 500 hakupunguzi kitu. Sababu hasa ni hewa. Miali ya eksirei itokayo kwenye nyota humezwa na hewa kabla ya kufika chini, basi atakaye kuipima hana budi kupeleka chombo juu ya hewa.

Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliani lililojengwa baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, na Wamarekani, wenye chombo, wakakiita Uhuru. Mahali hapo palifaa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako ardhi huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ielekeayo mashariki husaidiwa na kasi hiyo.

Hata ilipokoma kazi mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imetuwezesha kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilibadilika upesi mno, jambo lililowaelekeza wataalamu kwenye shimo jeusi. Kiongozi wao, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi asemaye kwamba Kiswahili hakina nafasi katika elimu ya nyota, na afungue vitabu vyake: neno letu limo.