SOMO LA UFUNDI: KUIREJESHA SENSA YA MKONO WA MAFUTA KATIKA PIKIPIKI

Watumishi wa Serikali wanaotumia pikipiki kwa kazi za mashamba, afya na ukaguzi, pamoja na wananchi wanaomiliki vyombo hivyo, wanaelezwa hapa namna ya kuirejesha sensa ya mkono wa mafuta katika hesabu yake ya awali. Somo linahusu pikipiki ambazo mafuta hupulizwa kwa nozeli na kupimwa na kompyuta ndogo. Wenye kabureta hawahusiki.

Neno sensa lisimtatize msomaji. Hapa halina mafungamano na kazi ya kuhesabu watu, kama ile iliyofanyika nchini mwezi wa Agosti 2022. Ni kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa koo la hewa la injini. Ndani ya koo hilo mna kibati cha duara kinachofunguka kila dereva anapouzungusha mkono wa mafuta, na sensa huiarifu kompyuta kibati kimefunguka kiasi gani. Aghalabu sensa ina waya tatu: mmoja huleta volti 5, wa pili ni wa ardhi, na wa tatu hupeleka habari kwa kompyuta. Mkono ukiwa umeachwa, waya wa tatu huwa na takriban nusu volti. Ukivutwa hadi mwisho, hupanda kwa kawaida kufikia volti 4 na zaidi. Hesabu kamili ya kila aina imo katika kitabu cha mtengenezaji, nacho ndicho cha kufuatwa.

Ile nusu volti ndiyo alama ya mwanzo. Alama hiyo ikipotoka, injini huzimika pale chombo kinapopunguza mwendo kwenye njia panda, au sailensa hupanda na kushuka ovyo, au chombo huendelea kusukuma mbele ilhali dereva amekwisha kuuachia mkono. Hali hii ya mwisho haifai kuvumiliwa hata siku moja, hasa kwa mwenye kupakia abiria.

Kurejesha maana yake ni kuiambia kompyuta kwamba hapa ndipo mwanzo. Kompyuta haina ubishi, hukubali inachoambiwa. Mwenye kuirejesha sensa juu ya koo lililojaa masizi, ambalo kibati chake hakifungi sawasawa, huwa ameifundisha uongo. Injini huweza kutulia siku mbili tatu, kisha maradhi hurudi, na hapo huanza kununuliwa vifaa ambavyo havikuharibika. Ikumbukwe kuwa katika aina kadhaa sensa hii haiuzwi peke yake, bali pamoja na vifaa vingine ilivyoungwa navyo, na bei yake si ndogo.

Kwa hivyo koo lisafishwe kwanza. Uangaliwe waya unaovuta kibati usiwe umekazwa mno, na mpira unaounganisha koo na injini usiwe na ufa unaopitisha hewa. Plagi za waya zifunguliwe na kutazamwa kutu, kwani hewa ya chumvi ya visiwani huzila kabla ya wakati. Skrubu ya kibati iliyotiwa rangi kiwandani isiguswe kabisa. Rangi ile ni muhuri. Kisha fundi apime kwa mita, akiuvuta mkono polepole. Volti zikipanda bila kuruka, sensa ni nzima. Zikiruka au kukatika, njia yake ya ndani imelika, na hakuna kurejesha kutakakoiponya.

Katika pikipiki nyingi za Honda za mfumo huu kazi hufanyika bila mashine. Kwanza ihakikishwe kuwa kompyuta haikuhifadhi hitilafu. Taa ya injini ikimeta mara 8, inaishtaki sensa hii yenyewe. Swichi ikiwa imezimwa, soketi ya uchunguzi huungwa kwa plagi yake maalumu. Plagi ya sensa ya joto la injini huchomolewa, na matundu mawili ya upande wa waya, yale yatajwayo katika kitabu, huunganishwa kwa kipande cha waya. Swichi ikiwashwa, taa ya injini huanza kumeta, na fundi ana sekunde 10 tu za kukiondoa kipande hicho. Taa ikibadilika na kumeta haraka haraka, kazi imekubaliwa. Ikiwaka moja kwa moja, amechelewa. Azime swichi na kuanza upya. Wakati wote huo mkono wa mafuta usiguswe. Akimaliza, azime swichi, aondoe plagi ya uchunguzi na kuirejesha ya sensa ya joto mahali pake.

Njia hiyo isijaribiwe kwa aina nyingine. Baadhi ya Suzuki kubwa huonyesha alama kwenye kioo cha mbele, na sensa yenyewe hulegezwa na kuzungushwa hadi kistari kikae katikati. Nyingine hazikubali ila mashine ya kiwandani, na mwenye nayo aulizwe bei kabla ya kazi.

Baada ya hapo injini iwashwe hadi ipate moto, mkono uvutwe na kuachwa mara kadhaa, na chombo kijaribiwe mahali pasipo msongamano, bila abiria. Sailensa ikiwa bado yapanda na kushuka, fundi arudi kwenye ule mpira wa koo.