UPANDAJI WA MIKOKO: MCHE GANI, MAHALI GANI

Wananchi wa vijiji vya pwani, Unguja na Pemba, wamekuwa wakijitolea kurejesha mikoko iliyokatwa kwa boriti, kuni na kuchomea chokaa. Jitihada hiyo inastahiki pongezi. Hata hivyo, miche mingi hufa kwa kupandwa pasipostahiki.

Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikawa mfano wa kijiti kirefu. Kijiti hicho huchomekwa topeni wima, ncha iliyochongoka ikiwa chini, mahali ambapo maji hujaa na kupwa. Ukingo wa mbele, unaokabili bahari, ni wa mlilana na mchu. Mkoko ukipandwa huko hung’olewa na mawimbi. Palipobakia mikoko mizazi, shoka likizuiwa, mbegu hudondoka na kujiotea bila ya kupandwa.

Masheha wanaombwa kuwaonesha wapandaji sehemu zinazofaa kabla ya kazi kuanza.