SOMO LA 12: MTOTO MNENE WA MAMA MWENYE UGONJWA WA SUKARI

Mama mmoja anazaa mtoto wa kilo 4 na nusu. Mashavu yamejaa, mikono ni minene. Jamaa wanashangilia: "Mtoto huyu ana nguvu!" Lakini baada ya muda mfupi mtoto analegea, anatetemeka, hataki kunyonya. Wengine husema amerogwa. Sivyo. Sababu iko katika damu.

1. Kazi ya insulini. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Hicho hutia insulini katika damu. Insulini huingiza sukari ya damu katika nyama za mwili, na ile inayozidi hugeuka mafuta. Katika ugonjwa wa sukari, insulini ya mama haitoshi au haifanyi kazi vema, na sukari hujaa katika damu yake. Wamama wengine hupata ugonjwa huu wakati wa mimba tu.

2. Kondo la nyuma. Kondo ni kama mlinzi wa mlango. Huacha sukari ya mama ipite kwa mtoto, lakini huzuia insulini ya mama. Basi mtoto afanye nini na sukari hiyo yote? Katika miezi ya mwisho, kongosho lake mwenyewe hutoa insulini nyingi. Insulini hiyo humnenepesha, hata mabega yaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Tena huchelewesha mapafu kukomaa. Jørgen Pedersen, munganga wa Denmark, alieleza jambo hili katika mwaka 1952.

3. Hatari baada ya kuzaliwa. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma mara moja. Lakini kongosho la mtoto bado linatoa insulini nyingi kama jana. Sukari yake inashuka upesi. Ubongo unakosa chakula chake. Mtoto anaweza kushikwa na degedege, hata kufa.

4. Tufanye nini?
– Mama apimwe sukari ya damu kati ya juma la 24 na la 28 la mimba. Aliyekwisha kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, aje mapema.
– Afuate chakula na dawa alizoagizwa. Sukari ya mama ikitulia, kongosho la mtoto nalo linatulia.
– Azalie hospitalini.
– Mtoto akaushwe, alazwe kifuani pa mama, anyonye katika saa ya kwanza, kisha kila baada ya saa 2 au 3. Asipewe maji matupu.
– Apimwe sukari kwa tone la damu ya kisigino. Asirudi nyumbani mpaka sukari yake imesimama vizuri.

Ndugu wasaidizi, msidanganywe na unene. Mtoto huyu ndiye wa kuangaliwa sana.

Maulizo:
1. Kitu gani kinapita katika kondo, na kitu gani hakipiti?
2. Kwa nini sukari ya mtoto inashuka baada ya kitovu kukatwa?
3. Mtoto anyonye lini kwanza?