Wageni Wajao na Mvua

Mji wa Tabora umezoea wageni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza walifika kwa njia hiyo hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walipenda kusafiri wakati wa kiangazi, wapate kurudi kushika jembe mvua zikikaribia. Misafara hiyo imekwisha zamani. Lakini upo mwingine upitao juu ya vichwa vyetu kila mwaka, nao haujakoma: ni msafara wa ndege watokao Ulaya. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, na namna ya kuutazama.

Huko Ulaya, majira ya baridi yakifika, theluji hufunika ardhi na wadudu hutoweka. Ndege walao mbegu huweza kubaki, na jamaa nyingi huwawekea nafaka na mafuta juu ya ubao nje ya dirisha, wakafurahi kuwatazama. Lakini mbayuwayu hula wadudu warukao. Ubao ule haumfai kitu. Hana budi kuondoka. Uzito wake ni kama gramu 20 tu, naye huvuka bahari na jangwa la Sahara mpaka kufika kwetu.

Korongo mweupe hushika njia nyingine. Mwili wake ni mzito, hivyo hutegemea hewa ya moto ipandayo kutoka nchi kavu, ambayo baharini haipatikani. Kwa sababu hiyo korongo wengi huizunguka bahari: hupita Istanbul, hushuka Nchi Takatifu, kisha hufuata bonde la Nili kuja Afrika ya Mashariki na kwenda mbele hata kusini. Nabii Yeremia alimtaja korongo pamoja na mbayuwayu kuwa wanajua majira yao, akawaaibisha watu wasiomjua Mungu wao.

Wazungu wenyewe kwa muda mrefu hawakujua ndege hao huenda wapi. Wengine walidhani mbayuwayu hulala katika tope chini ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Alikuwa ameruka nao toka Afrika mpaka kwao! Hata leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Basi, tuwatambueje? Mbayuwayu wa Ulaya ana mgongo wa rangi ya buluu iliyokoza, na paji la uso na koo vyekundu kama kutu. Mkia wake una panda mbili. Tafuteni makundi yao juu ya nyaya za umeme tangu Oktoba mpaka Machi. Korongo wa Ulaya ni mweupe, mwenye mbawa zilizotiwa weusi, na miguu na mdomo mwekundu. Msimchanganye na korongo mweusi mwenye tumbo jeupe: huyo naye huja na mvua, lakini kwao ni Afrika, kaskazini ya ikweta. Simameni kimya asubuhi, mahali pale pale kila siku, na mtoto aandike katika daftari tarehe aliyomwona mgeni wa kwanza. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa hazina ya nyumba.

Hapa hatuna budi kusema neno kwa wazazi. Vijana wetu wengi huwajua ndege kwa manati tu, na baba akiona hunyamaza, kana kwamba si kitu. Ni kitu. Korongo hula nzige na viwavijeshi, adui wa mahindi yetu. Amwuaye amwua msaidizi wa mkulima. Tena korongo hupenda kurudi katika kiota kile kile mwaka hata mwaka. Jiwe moja lililotupwa Tabora huweza kuacha kiota kitupu juu ya paa la nyumba huko Poland, ambako watu humngoja. Mgeni aliyelindwa na Mungu safari yote hiyo, je, afe mlangoni petu?

Tarehe 4 Oktoba ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyewaita ndege ndugu zake. Kwetu ni mwisho wa kiangazi, mbuga zimekauka, na wenyeji kama shomoro na hua wanateseka kwa kiu. Siku hiyo kila jamaa iweke uani sahani pana yenye maji machache, kivulini, mahali paka asipofika. Isuguliwe na kutiwa maji mapya kila siku, isilete ugonjwa. Kisha watoto waketi mbali na kutazama, mikono mitupu.